Wasichana wa Misheni katika Riwaya ya Kihistoria

Riwaya ya kihistoria hulipa sauti kundi ambalo kumbukumbu za ofisini zimelisahau. Claire Keegan, katika Small Things Like These (2021), aliandika juu ya wasichana wa Ireland waliofungiwa katika nyumba za kufulia za masista wa Kikatoliki. Ya mwisho ilifungwa mwaka 1996.

Katika Mkoa wa Pwani, mkasa ulio karibu na huo ni wa Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapo mwaka 1868, wakalea watoto waliokombolewa utumwani, wengine kwa kununuliwa. Sultani Barghash wa Zanzibar alipopiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, misafara ya Kilwa ilishika njia ya nchi kavu kuelekea kaskazini, ikivuka Mto Rufiji na ukanda wa Kibiti ya leo.

Katika misheni ya Bagamoyo, wasichana waliwekwa chini ya masista kutoka kisiwa cha Réunion. Kengele iliwaita kanisani, darasani, kisha shambani na jembe mkononi. Wakipevuka, waliozwa vijana wa misheni na kupewa makazi hapo hapo, chini ya macho ya mapadre. Wapo waliotoroka. Kuyaita maisha hayo uhuru kamili ni kuwadhulumu mara ya pili.

Barua za misheni ziliandikwa na wakubwa. James Mbotela alisimulia maisha ya walioachwa huru Mombasa katika Uhuru wa Watumwa (1934), ila misheni ya huko ilikuwa ya Kianglikana. Mwandishi wa riwaya anaweza kumpa binti wa Bagamoyo jina, lugha ya kwao na mama aliyebaki ng'ambo ya Rufiji, alimradi asilainishe kazi na ndoa alizopangiwa.