Hata Wakili Ana Kocha

Hapa Shika Adabu tukisikia neno kocha, twamwona mtu mwenye kipenga akiwapigia vijana kelele uwanjani. Basi mwaka jana nilistaajabu dada yangu, msomi wa sheria, aliponiambia kwamba yeye pia ana kocha. Nikacheka. "Wacha kucheka," akasema, "keti nikueleze."

Kwanza mfahamu kwamba shahada peke yake haikufanyi wakili. Huna budi kwenda Chuo cha Sheria cha Kenya kule Karen, Nairobi, na kukaa miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu. Dada alipata nafasi katika ofisi moja mjini. Alfajiri alivuka feri, usiku akarudi na macho mekundu. Mkubwa wake alimtupia faili mbele ya wateja na kumwita mzigo. (Mtaa wetu jina lake ni amri, lakini ofisi ile ilikuwa ng'ambo!) Mwezi wa tatu akamwambia mama ati afadhali auze mitumba Kongowea. Mama hakulala usiku ule. Ada yote ilikuwa imetoka kwenye karai la mahamri.

Wala si yeye tu. Mwaka 2016 huko Marekani ulichapishwa uchunguzi wa mawakili karibu 13,000. Kati ya kila 100, watu 28 walikuwa na dalili za sonona, na 21 walikunywa pombe kwa namna ya hatari. Nasi tukiziona suti zao twadhani ni raha tupu.

Kocha wa dada ni wakili mwanamke wa makamo, aliyejitolea kukaa naye kila Jumamosi. Hamfundishi sheria. Anamuuliza maswali, kisha anasikiza. Kwa hakika asili ya jambo hili ni michezo. Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, aliandika mwaka 1974 kwamba mpinzani mkubwa wa mchezaji ni ile sauti iliyomo kichwani mwake mwenyewe. John Whitmore, Mwingereza aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano, akaupeleka ujuzi huo maofisini, na katika kitabu chake cha 1992 akaupanga kwa hatua nne: Wataka nini? Hali ikoje sasa? Una njia gani? Utafanya nini, na lini?

Maswali mepesi, sivyo? Sikizeni basi. Alikuja bibi mmoja wa huku Likoni na kesi ya kiwanja. Jina dada hakunitajia, nami sikuuliza. Sisi twajua uchungu wa ardhi. Shamba la Waitiki lilizozaniwa miaka mingi hadi hati zikaanza kutolewa Januari 2016. Dada akamsomea bibi vifungu vya sheria nusu saa nzima. Jumamosi kocha akauliza:

"Yule bibi aliondoka na nini?"

"Na nakala ya barua."

"Na alikuja akitaka nini?"

Dada kimya. Hakuwa amemuuliza. Alipomwita tena, bibi akasema hataki kumshitaki mtu. Alitaka tu mpwa wake aliyejenga ukuta amwachie njia ya kufika kwenye kaburi la mumewe. Mambo yakamalizika kwa vikao viwili mbele ya wazee. Na si kwamba sheria ilikwepwa: Katiba ya 2010, kifungu cha 159, yazitaka mahakama zihimize upatanishi.

Huo ndio uongozi wenye utu wanaousema. Kila wakili mwisho huwa mkubwa wa mtu fulani, na aliyetupiwa faili akiwa mwanagenzi naye hutupa. Lakini sikubali kila kitu. Ofisi ikiwakesha watu hadi usiku wa manane kwa malipo duni, kuwaletea kocha ni kumpa Panadol aliyevunjika mguu.

Dada alimaliza miezi yake. Nami, kiranja wa kidato cha tatu, nikaamua kujaribu. Kuna mwenzetu nilikuwa nikimwandika kila siku kwa kuchelewa. Safari hii nikauliza, "Asubuhi kwenu kukoje?" Kumbe humpeleka mdogo wake chekechea kwanza, na lango la kule hufunguliwa saa moja na nusu. Tulikwenda pamoja kwa mwalimu wa zamu. Jina lake halimo tena katika orodha yangu.