Bustani za Uwani Kariakoo

Msimu wa bustani katika mitaa ya kati ya Dar es Salaam huanza mwishoni mwa Februari, wakati kaskazi inafikia ukingoni na joto bado limekaza. Kariakoo, Gerezani, Mchikichini, Ilala na Upanga hazina mashamba, lakini zina ndoo zilizopasuka, makopo ya rangi, matairi, madumu yaliyokatwa ubavu, beseni zilizotoboka na viroba vya mchele vilivyokwisha kazi. Wiki hizo vyombo hivyo hutolewa stoo na nyuma ya vyoo, hukung'utwa udongo wa mwaka jana, hutobolewa matundu mapya kwa msumari uliopashwa moto, na kupangwa uwani, barazani, kwenye ngazi au juu ya paa la zege, tayari kwa masika.

Masika yenyewe hushika katikati ya Machi na kuendelea hadi Mei. Jiji hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, na Aprili huongoza miezi yote. Kwa shamba la Kisarawe mvua hiyo ni neema. Kwa bustani ya ndoo ina madhara yake. Matone mazito hufukua mbegu ndogo kama za mchicha, udongo hushindiliwa, na chombo kisicho na matundu ya kutosha hugeuka kinamasi kwa usiku mmoja. Ndiyo sababu wenye uzoefu humwaga mbegu mapema, miche iwe imeshika mizizi mvua kubwa ikija, na huinua vyombo juu ya matofali au vipande vya mbao. Vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba, ni za upole zaidi, na akina mama wengi huzipenda kuliko masika kwa mboga za majani. Nyanya huachiwa kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ikipoa na ugonjwa wa bakajani ukapungua.

Asili ya bustani hizi ni ua wa nyumba ya Kiswahili. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliiendeleza Kariakoo kuwa makazi ya Waafrika, yaliyotengwa na mitaa ya Wahindi na Wazungu kwa eneo la wazi la Mnazi Mmoja. Viwanja vilipangwa kwa mistari iliyonyooka, na nyumba iliyoenea ilikuwa ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, mlango wa mbele ukitazama barazani na wa nyuma ukitazama uwani. Uwani palikuwa na jiko, choo, bomba au kisima, kamba ya nguo, na kando ya ukuta mpapai, mstafeli au mwarobaini wa kivuli na dawa. Familia nne au tano za wapangaji zilitumia ua huo mmoja. Kwa kawaida mpangaji aliruhusiwa kupanda mboga na maua popote pasipomzuia mwenzake, ila si mti wa kudumu, kwa kuwa mti wa kudumu huweza kuleta madai juu ya ardhi. Mwembe na mnazi ilikuwa ya mwenye nyumba. Desturi hiyo imekaa vizuri: ilimpa mgeni aliyetoka bara juzi haki ya kuchuma mboga aliyoipanda mwenyewe, bila kumtia hofu aliyempangisha.

Mboga inayotawala ni mchicha. Hukua upesi, siku 21 hadi 30 baada ya kumwagwa huwa tayari, na mwenye subira hachumi kwa kung'oa bali hukata juu ya vifundo vya chini ili ichipue tena mara mbili tatu. Matembele hufuata, na kwa nyumba ya kupanga pengine ndiyo mboga bora kuliko zote, kwa sababu hakuna mbegu ya kununua. Rando moja lenye vifundo vinne, likifukiwa nusu yake katika udongo wenye unyevu, hushika ndani ya wiki moja. Kisha kuna kunde na maboga kwa ajili ya majani, bamia, nyanya chungu, pilipili mbuzi na pilipili kichaa. Waliotoka mikoani wameleta zao: mnavu, mgagani, figiri, sukuma wiki. Leo ua mmoja wa Ilala unaweza kuwa na mnavu wa mama aliyetoka Arusha ukipakana na bamia ya bibi wa Kizaramo, na wote wawili wakipikiana. Viungo havikosekani. Mchaichai hukaa katika tairi karibu na bomba, kwa kuwa unapenda maji na hauna mwisho; mnanaa na giligilani huwekwa kivulini.

Chombo kinachotoa mavuno mengi kuliko vyote kwa nafasi ndogo ni kiroba, na utengenezaji wake una ufundi. Kiroba cha kilo 50 husimamishwa na kukunjwa mdomo. Kopo lisilo na kitako huwekwa katikati na kujazwa kokoto, kisha udongo uliochanganywa na samadi hujazwa kuzunguka kopo hilo. Udongo ukifika juu ya kopo, kopo huvutwa juu taratibu, kokoto zikabaki zimesimama kama nguzo, na kazi hurudiwa hadi kiroba kijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo njia ya maji: bila yake, maji huishia juu na mimea ya chini hukauka. Ubavuni hutobolewa matundu kwa kisu, kwa zamu kushoto na kulia, na katika kila tundu huingizwa mche mmoja wa sukuma wiki, figiri au spinachi, mizizi ikielekezwa chini kidogo. Juu hupandwa nyanya au nyanya chungu. Kiroba kimoja hukaa mahali pa kiti kimoja na kulisha kaya ndogo mboga ya mara kadhaa kwa wiki.

Udongo wa Kariakoo wenyewe ni mchanga wa pwani, mwepesi na usiohifadhi maji, hivyo hurutubishwa. Samadi ya kuku na ng'ombe hununuliwa kwa wafugaji wa pembezoni mwa jiji na kuletwa kwa viroba. Soko nalo hutoa kwa wingi kile ambacho wengine hukiita taka. Soko kuu la Kariakoo, jengo lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, pamoja na masoko ya jirani, huacha kila siku majani ya kabichi, maganda ya ndizi na makumbi ya nazi. Makumbi yakichambuliwa nyuzi hutandazwa juu ya udongo kuzuia jua. Maganda huozeshwa katika pipa lenye mfuniko kwa mboji. Moto wa Julai 10, 2021 ulioteketeza sehemu kubwa ya soko hilo uliwatawanya wafanyabiashara, lakini maduka ya pembejeo katika mitaa ya jirani yaliendelea kuuza paketi za mbegu, na mkulima wa ndoo hununua hapo sawa na mwenye ekari.

Maji ni kazi ya asubuhi na jioni, na mara nyingi ni ya watoto. Bomba likikatika hutumika maji ya kuoshea mchele na samaki, ambayo wanawake wengi huyaona bora kuliko ya bomba. Maji ya sabuni ya kufulia humwagwa kwenye mpapai na migomba, hayamwagwi kwenye mchicha. Kumwagilia saa sita mchana huepukwa, kwani udongo wa ndoo ya plastiki juani hupata moto, na maji yake huunguza mizizi.

Maua ya uwani hayakupandwa kwa kutazamwa tu. Asmini, mrehani na waridi vilipandwa karibu na mlango wa nyuma kwa sababu ya harufu, na kilele chake ni kikuba. Matumba ya asmini huchumwa alasiri kabla hayajafunguka, yakatiwa katika kitambaa chenye unyevu. Jioni hupangwa pamoja na vijani vya mrehani na petali za waridi, kilua au mkadi ukipatikana, hufungwa kwa uzi, hunyunyiziwa marashi, na kubanwa kwa pini kifuani au katika nywele. Matumba hufunguka usiku huo huo, mwilini mwa aliyekivaa. Bibi harusi hutengenezewa kikuba na shangazi na somo wake, na maua huchangwa na majirani. Ua mmoja haukuwahi kutosha harusi nzima. Hapa ndipo hasara ya miaka ya karibuni ilipo kubwa zaidi. Mboga imepata makazi katika viroba, lakini mwasmini hutaka udongo wa kina na ukuta wa kutambalia, na maua ya plastiki yanayouzwa katika maduka ya Kariakoo yamechukua nafasi yake katika kumbi za harusi. Yanapendeza machoni na hayanyauki. Hata hivyo kikuba kisicho na harufu si kikuba, na mafundi wa kukifunga wanazeeka.

Kinachoziunganisha bustani hizi ni kuombana. Mbegu za dukani ni za kuanzia tu. Marando, vijiti vya mrehani, vitawi vya mnanaa na mbegu za bamia zilizokaushwa jikoni hupita mkono kwa mkono. Mwombaji hubisha hodi, hutoa shikamoo, na husema haja yake waziwazi: “Bibi, naomba mchaichai, mtoto ana mafua.” Jibu la kawaida ni “Chuma, mwanangu, usiung'oe tu.” Kuchuma bila kuomba huhesabiwa utovu wa adabu hata kama ni jani moja, na kukataa kutoa huhesabiwa uchoyo. Aliyepewa rando hatarajiwi kulipa pesa. Hutarajiwa kutoa rando siku atakapoombwa.

Ipo pia miiko. Watoto wa Pwani hukatazwa kunyooshea kidole boga changa, kwa kuwa huaminika litaoza. Anayetaka kulionyesha hukunja kidole. Mwiko huo una faida hata kwa asiyeuamini, maana boga lisiloshikwashikwa na watoto hukua salama.

Wadudu hupigwa vita kwa vitu vya nyumbani. Majivu ya mkaa hunyunyizwa juu ya majani yenye umande kuwazuia vidukari, ambao wengi huwaita wadudu mafuta. Majani ya mwarobaini hutwangwa, hulowekwa usiku kucha, huchujwa na kutiwa sabuni kidogo kabla ya kupuliziwa. Kanitangaze, mdudu wa nyanya, ni sugu kwa njia hizi, na wengi huacha nyanya kwa ajili yake. Hatari nyingine inamhusu binadamu. Mbu wa Aedes, aumaye mchana na kueneza homa ya dengue, huzaliana katika maji yaliyotuama ndani ya matairi, makopo na visahani vya chini ya vyungu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na tangu hapo maofisa afya wamekuwa wakali kwa wenye vyombo uwani. Wakali hao wana haki. Tairi hutobolewa pande zote, visahani humwagwa kila baada ya mvua, na pipa la akiba hufunikwa kitambaa.

Bustani kubwa za mboga za katikati ya jiji zilikuwa, na kwa sehemu bado ziko, katika bonde la Msimbazi, kuanzia Jangwani kwenda juu. Udongo wa bonde hilo una rutuba na mboga zake hustawi sana, lakini mto hupokea majitaka ya viwanda na ya majumbani. Mwaka 1999 wanasayansi Bahemuka na Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti uliokuta metali nzito, zikiwemo risasi na kadimiamu, katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Mchicha mkubwa wa bei rahisi haulingani na mchicha mdogo wa ndoo kwa anayejua maji yake yalikotoka. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kuwahamisha wakazi wengi wa bondeni hadi Mabwepande, yalionyesha pia kwamba bonde hilo si mahali pa kutegemea.

Serikali imezitazama bustani za mjini kwa macho tofauti kwa nyakati tofauti. Baada ya ukame wa miaka ya 1973 na 1974, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona iliwahimiza hata wakazi wa miji kulima, na katika ugumu wa miaka ya 1980 mboga za uwani ziliziba pengo la mishahara iliyokuwa haifiki katikati ya mwezi. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliweka kikomo cha ekari 3 kwa mtu. Kwa mwenye ndoo sita kanuni hiyo haikuwa na uzito. Kilichombana ni ujenzi.

Tangu miaka ya 1990 nyumba za vyumba sita Kariakoo zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine kupisha ghorofa za biashara, na pamoja nazo nyua zake. Hata Magomeni Kota, majengo mapya ya kaya 644 yaliyozinduliwa Machi 2022, yamesimama mahali pa nyumba za chini zilizokuwa na nyua. Bustani imewafuata watu juu: kwenye vibaraza vya ghorofa ya tatu, kwenye ngazi, na juu ya paa ambako jua halina kizuizi, ingawa upepo wa kusi huvunja bamia na maji hupandishwa kwa ndoo ngazi baada ya ngazi. Anayejenga ghorofa Kariakoo leo aache bomba moja juu ya paa na ukuta wa kiunoni wa kukinga upepo. Gharama yake ni ndogo, na wapangaji wanajua cha kufanya na mengine.