Mgeni Katika Mbio za Kwanza

Mwaka 2004, katika bustani ya Bushy Park, London, wakimbiaji 13 walikimbia kwa mara ya kwanza mbio za mtaa ambazo zimeenea nchi nyingi. Desturi ikazuka: siku ya kwanza ya mahali papya ni ya wenyeji, wageni wasifurike, maana waandalizi bado wanajifunza kazi.

Mbio kama hizo zikianzishwa Dzaleka, atokaye Lilongwe yampasa kujizuia zaidi. Kambi hiyo ya wakimbizi, iliyofunguliwa 1994 kwa watu wapatao 10,000, sasa ina zaidi ya 50,000, na maji ni ya foleni. Basi achukue maji yake, asimame nyuma. Askari aache sare nyumbani. Wengi pale waliwakimbia wenye sare. Wala asipige picha bila ruhusa: sura ya mkimbizi yaweza kumfikia anayemsaka.