Mdudu Mwenye Kiini na Asiye Nacho

Wagonjwa wengi hufika kwenye dirisha la maabara yetu hapa Themi wakiwa wameshajipangia vipimo: "Dokta, nipime malaria, taifodi na UTI." Mimi si dokta, ni mtu wa maabara, ila nimeacha kubishana. Tatizo ni kwamba maradhi hayo hutajwa kwa pumzi moja, kumbe kwa umbile la seli kimelea cha malaria kinamkaribia mgonjwa mwenyewe kuliko kinavyomkaribia bakteria wa taifodi.

Chungulia. Tone la damu limetandazwa kwenye kioo, likapakwa rangi ya Giemsa, likaoshwa, na lenzi ya mia imeshushwa kwenye mafuta. Viduara vya waridi ni chembe nyekundu za damu. Ndani ya kimojawapo kuna kipete chembamba cha buluu chenye kidoa chekundu. Kidoa hicho ndicho kiini: DNA ya kimelea iliyofungiwa ndani ya utando wake. Seli ya namna hiyo huitwa yukarioti. Amiba ni yukarioti, fangasi pia, na mgomba wa Meru, na wewe unayechungulia.

Kwa bakteria utatafuta kiini mpaka ukeshe. Yeye ni prokarioti: DNA yake imejikunja katikati ya seli bila utando, wala hana mitokondria. Tena ni mdogo. Yule wa taifodi ana urefu wa maikromita 2 hadi 5, wakati chembe nyekundu ya damu ina upana wa 7 hadi 8.

Hapo ndipo ninapowatega wanafunzi wa mazoezi. Chembe nyekundu yenyewe haina kiini. Je, ni prokarioti? Wengi huitikia haraka. Hapana: ilikuwa nacho ilipokuwa ikikomaa kwenye uboho, ikakitoa. Ya kuku hubaki nacho maisha yake yote.

Tofauti hii ya yukarioti na prokarioti ndiyo inayoamua dawa. Amoksilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Seli zetu hazina ukuta huo, na kimelea cha malaria hakina, kwa hiyo unaweza kumaliza dozi nzima na malaria ikabaki palepale. Dawa ya mseto ya malaria nayo haimgusi bakteria wa taifodi. Na dada anayejitibu fangasi kwa antibayotiki huua bakteria wanaomlinda, fangasi wakazidi kustawi.

Kukisia kuna gharama. Mwaka 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi, jirani zetu. Waliodhaniwa wana malaria walikuwa 528. Malaria ilithibitika kuwa chanzo cha homa kwa 14 tu. Ndiyo maana, kwa baridi hii ya Meru isiyoipa malaria nafasi kubwa, mtu wa homa namuuliza kwanza amesafiri wapi.

Lakini mbona watalii wanaokwenda mbugani humeza doksisaiklini, antibayotiki kabisa, kujikinga na malaria? Ndani ya kimelea kuna kijiungo kiitwacho apikoplasti, ambacho asili yake ni prokarioti aliyemezwa na seli nyingine zamani mno. Kimebaki na ribosomu za kibakteria, na dawa hiyo huzishika hizo. Huua taratibu, mara nyingi kizazi kinachofuata cha vimelea ndicho kinachokufa, kwa hiyo mgonjwa anayetetemeka sasa hivi hatibiwi kwa hiyo peke yake.