Madrid: Mlo Mkubwa Uwe wa Mchana

Familia yenye watoto inayotafuta chakula saa moja jioni mjini Madrid hugonga mwamba: mikahawa mingi imefunga jiko, na chakula cha usiku huanza saa mbili na nusu au saa tatu. Huo si uzembe wa wapishi. Wahispania hula mlo wao mkuu kati ya saa nane mchana na saa kumi alasiri, na tangu mwaka 1940, serikali ya dikteta Franco ilipozisogeza saa za nchi mbele zilingane na za Ulaya ya kati, jua huchelewa kutua. Mwezi Juni huzama karibu saa nne usiku.

Ndiyo maana nasema familia ihamishie njaa na bajeti yake mchana. Siku za kazi mikahawa huuza menú del día, mlo wa bei moja uliotokana na agizo la serikali miaka ya 1960: sahani ya kwanza, ya pili, mkate, kinywaji na kitindamlo, kwa bei nafuu kuliko kuagiza kimoja kimoja usiku. Je, mtoto alale na njaa? Hasha. Baa za tapas (vitafunio vya Kihispania), ambako watoto huingia bila shida, huuza tortilla ya mayai na viazi, ambayo mla chipsi mayai wa Dar es Salaam ataitambua mara moja. Shida kubwa zaidi ni ya Muislamu, kwa kuwa nguruwe hutiwa hata kwenye mchuzi wa dengu. Mtaa wa Lavapiés una mikahawa ya halali ya Wabangladeshi na Wasenegali. Kwingineko aagize samaki, baada ya kumuuliza mhudumu wamekaangwa katika mafuta gani.