Je, Wajua? Moli Zinazokimbia Bombani

Je, wajua kwamba moli moja, kile kipimo cha wanakemia, ni chembe 602,214,076,000,000,000,000,000 kamili, haizidi wala haipungui hata moja? Hesabu hiyo ilipitishwa Versailles, Ufaransa, Novemba 2018, ikaanza kutumika rasmi tarehe 20 Mei 2019. Ungeanza kuhesabu siku ulimwengu ulipoanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita, tena chembe milioni moja kila sekunde bila kulala, leo hii ungekuwa bado hujamaliza moli ya kwanza!

Haya, fungua koki ya maji. Dumu la lita 20 likijaa kwa dakika moja, ujue zimepita moli 1,110. Mhandisi wa kemikali anaweza kukuandikia moli 1,110 kwa dakika, au moli 18.5 kwa sekunde, au kilomoli 66.6 kwa saa, na maji ni yale yale, hayakuongezeka hata tone. Ngoja, utamu bado. Mwaga maji yote, dumu libaki na hewa tu, kisha jiulize lina moli ngapi za hewa. Haifiki hata moja!

Unajua kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde? Basi na hii umeshaijua. Kote unagawanya kwa 3.6. Gari la kilomita 72 kwa saa linakata mita 20 kila sekunde, na bomba la kilomoli 72 kwa saa linapitisha moli 20 kila sekunde.

Wahandisi wa Marekani nao wana moli yao: paundi-moli. Maji ya gramu 18 ni moli moja, maji ya paundi 18 ni paundi-moli moja. Umeona? 18 ni ile ile, lakini ya pili ni kubwa mara 453.59237! Tarakimu hizo zote hazikukadiriwa. Ni gramu za paundi moja, kama Marekani, Uingereza na wenzao walivyokubaliana mwaka 1959. Kwa hiyo paundi-moli moja kwa saa ni moli 0.126 tu kwa sekunde.

Na usidhani kuchanganya paundi na kilo ni jambo dogo. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilipaa na mafuta yasiyofika hata nusu ya yaliyohitajika, kwa sababu hesabu ilipigwa kwa 1.77, ambazo ni paundi kwa lita, mahali pa kilo 0.8. Injini zote mbili zilizimika angani! Rubani akaitelezesha ndege hewani hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Kanada, na watu wote 69 waliokuwemo wakatoka hai.

Sasa twende nyumbani, shika kiti. Bomba la gesi asilia kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, lina kipenyo cha inchi 36 na linaweza kubeba futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Geuza hesabu hiyo uone: ni kilomoli 39,000 hivi kwa saa, yaani karibu moli 10,850 kila sekunde. Likijaa uwezo wake wote, kila ukisema "moja" zinapita zaidi ya kilo 170 za gesi, nawe hata hujafika "mbili"!

Futi hizo milioni, watu wa gesi huziandika kwa MM. Kwa nini M mbili? M yao ni elfu, kama katika namba za Kirumi, kwa hiyo MM ni elfu mara elfu. Lakini katika vipimo vya kimataifa M moja peke yake ni milioni! Ukikutana na herufi hiyo kwenye mkataba, uliza kwanza.

Tena uliza na joto. Mita moja ya ujazo ya gesi kwenye nyuzi 0, kwa kanieneo ya kawaida ya hewa, ina moli 44.6. Mita hiyo hiyo, kwa kanieneo ile ile, kwenye nyuzi 15 ina moli 42.3. Zaidi ya asilimia 5 zimeyeyuka kwa sababu ya kipimajoto tu!

Amedeo Avogadro, Mwitaliano ambaye namba ya moli inaitwa kwa jina lake, alisomea sheria. Alitoa wazo lake kuu mwaka 1811, akafariki mwaka 1856, na namba yenyewe hakuwahi kuijua!

Moli zinaweza kupotea, wajua? Kiwanda cha amonia kikiingiza moli 1 ya naitrojeni na moli 3 za haidrojeni, zikiungana zote zinatoka moli 2 tu. Pima kwa kilo: hakuna hata gramu iliyopotea.

La mwisho liko kwenye damu yako. Majibu ya kipimo cha ini huja na alama U/L, na hiyo U ni moli kwa dakika, ila ni moli iliyokatwa vipande milioni. Tangu mwaka 1999 moli kwa sekunde ina jina lake rasmi kwa kazi ya vimeng'enya, katali, na katali moja ni U milioni 60! Maabara za Sweden hutumia mikrokatali. Chukua majibu yako, gawanya kwa 60: 40 ya hapa kwetu, kule husomeka 0.67, na ini ni lile lile.