Kupiga Picha Ndani ya Nyumba Yenye Nuru Haba

Watu wengi wenye kamera hujua kupiga picha nje, jua likiwaka. Lakini mambo makubwa ya jamaa mara nyingi hutokea ndani ya nyumba: mtoto mchanga aletwapo kwa bibi yake, ndugu waketipo mezani baada ya arusi, au mzee asiyeweza tena kuondoka kitandani. Picha zikisha kusafishwa, nyuso zaonekana kama zimefunikwa na moshi. Hapo mwenye kamera hulaumu kamera yake, au fundi aliyesafisha filamu. Mara nyingi wote wawili hawana hatia.

Sababu yenyewe ni hii. Ndani ya kamera mna kilango kinachofunguka ili nuru iingie, kisha hujifunga. Penye jua kali, kilango hicho chaweza kufunguka kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde tu, na mkono ukitikisika kidogo haidhuru. Nyumbani ndani nuru ni haba, basi kilango hukaa wazi zaidi, labda sehemu moja ya 15 ya sekunde. Katika muda huo mkono hutikisika na anayepigwa picha hugeuka; ndipo picha inapoharibika.

Dawa ya kwanza haina gharama: ni kumsogeza mtu penye nuru. Na aketi karibu na dirisha au mlango ulio wazi, nuru ikimwangukia ubavuni mwa uso. Dirisha lisiwe nyuma yake, maana uso utakuwa mweusi. Shuka nyeupe ikishikwa upande wa pili, au ukuta uliopakwa chokaa, hurudisha nuru kwenye shavu lenye giza. Wakati wa usiku, taa na iwe karibu: mtu akiwa mbali na taa mara mbili ya kwanza, nuru impatayo hupungua ikawa robo tu.

Dawa ya pili ni utulivu. Kwa lenzi ya kawaida ya milimita 50, si vema kushika kamera mkononi ikiwa kilango hufunguka kwa muda unaozidi sehemu moja ya 60 ya sekunde. Ikihitajika zaidi, kamera iwekwe juu ya meza, au juu ya mfuko wa maharagwe. Pasipo meza, mpiga picha na aegemee kizingiti cha mlango, abane viwiko mbavuni, atoe pumzi polepole, kisha abonyeze bila haraka.

Dawa ya tatu ni kupanua tundu la lenzi. Namba 2 huingiza nuru mara nne kuliko namba 4. Lakini tundu likipanuliwa, vitu vya mbele na vya nyuma hufifia. Basi hapana budi kulenga macho ya mtu, na watu wengi wasimame katika mstari mmoja.

Tena kuna filamu yenyewe. Ile ya namba 400 huhitaji robo tu ya nuru itakiwayo na ile ya 100, ingawa chembe zake huonekana zaidi. Katika kamera zisizotumia filamu, na katika simu za mkononi, namba hiyo huongezwa kwa njia nyingine, na chembe huja vilevile. Mtu asiziogope. Chembe hazimzuii mjukuu kumtambua babu yake, mtikisiko humzuia.

Mjerumani Erich Salomon alionyesha jambo hili tangu mwaka 1928. Akiwa na kamera ndogo ya Ermanox, yenye tundu pana la namba 2, alipiga picha mahakamani na katika mikutano ya wakuu wa mataifa, pasipo taa ya kumulika. Lenzi yake ilikuwa bora, lakini haikutosha peke yake: alingoja mpaka watu watulie kidogo, ndipo akabonyeza.

Nafasi kama hiyo hupatikana katika kila nyumba. Msemaji hutua mwishoni mwa maneno yake. Mzee hunyamaza akifikiri kabla ya kujibu. Yafaa kupiga picha mbili tatu wakati huo, maana moja huenda ikawa safi kuliko nyingine. Mzee hatakuwapo siku zote, na katika jamaa nyingi picha moja tu ndiyo itakayowaonyesha watoto wa kesho sura yake.